Hisba ya Maneno: Ni Nani Mwenye Haki ya Kufuta Neno la Mwingine?

Himdi zote ni za Mwenyiezi Mungu aliyemfundisha mwanadamu kubainisha, na sala na salamu zimfikilie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Suala lililokusudiwa katika kurasa hizi ni moja, nalo ni hili: mtu akinena neno mbele ya umma, ni nani mwenye haki ya kuliondoa neno lile, na kwa sharti gani? Zamani suala hili lilikuwa la makadhi na masultani, kwani aliyenena mbele ya umma alikuwa ni khatibu juu ya mimbari, au mshairi, au mpiga mbiu. Leo kila mvuvi wa Bagamoyo na kila mwuza mihogo wa Kerege ana mimbari mfukoni mwake, nayo ni simu. Huipanda bila ya udhu na bila ya ijaza, na neno lake hufika Unguja na Maskati kabla chai yake haijapoa. Kwa hiyo suala lililokuwa la wakubwa limekuwa la kila mtu, na wengi hulijibu kwa matamanio yao: likifutwa neno la adui yao husema haki imetendeka, na likifutwa la kwao husema wamedhulumiwa.

Wala asidhani mtu ya kuwa mambo haya ni mageni katika pwani hii. Mwaka 1908, zama za Wadachi, ilitokea Lindi barua iliyosemekana kuwa imetoka Makka, ikaenea pwani na ikaingia hata bara. Maana yake ilikuwa kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, ameoteshwa ndoto. Kwamba umma umezama katika maasi na Kiyama kimekaribia. Na kwamba aipatae barua hii aisome, aieneze, wala asiifiche. Watu waliinakili kwa mkono, wakaisoma misikitini, wakalia. Serikali ya Kidachi, ambayo vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa havijatoka moyoni mwake, iliiona kuwa ni fitina ya kuwainua watu, ikaipeleleza na kuwaandama walioieneza.

Jambo hili lina funzo ndani yake, lakini si lile ambalo watu hulitaja. Barua ile ilikuwa ya uwongo. Haikuandikwa pwani hii wala haikuanzia hapa, kwani ilikwisha kujulikana huko Java katika miaka ya 1880, na wanavyuoni waliokuja baadaye, miongoni mwao Sheikh Abdulaziz bin Baz, waliandika kuibatilisha. Na hata leo ingali hai: hupokewa katika WhatsApp pamoja na Sheikh Ahmad yule yule, na onyo lile lile kwa asiyeipeleka mbele. Basi Mdachi aliizuia barua ya uwongo. Je, alifanya jema? Mwenye kufikiri ataona ya kuwa Mdachi hakuizuia kwa sababu ni uwongo. Hakuwa na haja ya kujua kama Sheikh Ahmad aliota au hakuota. Aliizuia kwa kuiogopea dola yake, na lau barua ingekuwa ya kweli tupu na ikawainua watu vile vile, angeizuia kwa mkono ule ule. Na kwa kuwa hakuivunja kwa hoja, hakuivunja kabisa. Iliyofungiwa na askari mwaka 1908 imerudi katika simu za wajukuu wa wale waliofungiwa, na wajukuu hawana ilimu ya kuikataa kuliko waliyokuwa nayo babu zao.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kuzuia neno kwa kuwa ni uwongo au dhuluma ni jambo moja, na kuzuia neno kwa kuwa lamchukiza mwenye nguvu ni jambo la pili, ijapokuwa siku nyingine mawili haya hukutana katika neno moja.

Ama hukumu ya ulimi wenyewe, hiyo haina utata. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, alihesabu katika Ihya maafa ishirini ya ulimi, na lau angaliishi hadi zama za simu asingehitaji kuongeza hata moja, kwani hapana linalotendwa leo kwa kidole ambalo halikutendwa zamani kwa ulimi. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat yaamrisha kuihakikisha habari iletwayo na fasiki, wasije watu wakawadhuru wenziwao kwa ujinga kisha wakajuta. Aya ya 12 ya sura hiyo yakataza kupeleleza na kusengenya. Na katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim imo maana kwamba mtu hutoshelezwa kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo. Fikiri basi hali ya mwenye kupeleka mbele habari mia kwa siku, wala hakusikia hata moja kwa masikio yake, bali ameiona tu ikipita.

Lakini wapo waliozichukua aya hizi wakazifanya kufuli. Husema: sengenyo ni haramu, fitina ni haramu, basi raia na anyamaze. Hawa wameidhulumu Sharia. Aya ya 148 ya Suratun Nisaa, ikataapo kudhihirisha maneno mabaya, yamtoa mmoja katika katazo hilo, naye ni aliyedhulumiwa. Na Imam Nawawi, ambaye madhehebu ya Shafi yategemea kauli yake kuliko ya wengi, ameorodhesha katika Riyadhus Salihin na katika Al-Adhkar mahali sita panapojuzu kumtaja mtu kwa alichukialo: kulalamikia dhuluma, kutaka msaada wa kuondoa munkari, kuomba fatwa, kuwahadharisha Waislamu na shari, kumtaja mwenye kudhihirisha ufasiki wake, na kumtambulisha mtu kwa jina alilojulikana nalo. Tazama ya kwanza katika hizo. Mwanamke wa Mlingotini aliyenyang'anywa shamba la urithi na ndugu wa mumewe akiandika dhuluma yake na kumtaja aliyemdhulumu, hakusengenya. Na mwenye kulifuta neno lake kwa hoja ya kuwa limemvunjia mtu heshima, huyo ndiye aliyeingia katika dhuluma na kuwa mtu wa pili ndani yake.

Basi ikiwa maneno mengine yapasa kuzuiwa na mengine ni haramu kuyazuia, hapana budi pawe na mwenye kupambanua. Katika fiqhi mtu huyo anajulikana, naye ni muhtasibu. Al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, aliweka mlango mzima juu yake katika Al-Ahkamus Sultaniya. Muhtasibu hutembea sokoni mchana; watu wamjua kwa uso na kwa jina; hukemea lililodhihiri, kama mizani iliyopunjwa au maziwa yaliyotiwa maji; wala hana ruhusa ya kuvunja mlango kutafuta lililositirika. Al-Mawardi alitoa jambo moja tu katika katazo hili la kupeleleza: ikiwa mtu mwaminifu ameleta habari ya jambo lisiloweza kurudishwa likishapita, kama mtu kupelekwa mahali akauawe, hapo yajuzu kuharakisha na kuingia. Na Ghazali akaweka daraja za hisba, na daraja za mwanzo kabisa ni kumjulisha mkosaji kosa lake na kumwaidhi kabla ya kumnyoshea mkono.

Mizani ndiyo hii. Yafaa kuwapima kwayo mahisba watatu wa zama hizi, nao ni makampuni yenye mitandao, na Serikali, na mtu ambaye kwa kawaida hasahauliki ila katika mazungumzo kama haya, yaani mwenye kundi.

Makampuni yana sheria zao, zimeandikwa Marekani, na wenye kuzitekeleza wengine walikuwa hapa jirani, Nairobi. Tangu mwaka 2019 hadi mwanzo wa 2023 kampuni iitwayo Sama iliajiri huko vijana wa Kiafrika kwa kazi ya Facebook: kukaa mbele ya kioo kutwa nzima na kuangalia yaliyolalamikiwa, vichwa vilivyokatwa, watoto wanaofanyiwa uovu, watu wanaojiua, na kuamua lipi libaki na lipi liondoke. Februari 2022 gazeti la Time lilitangaza ya kuwa baadhi yao walikuwa wakipokea kiasi cha dola 1 na senti 50 kwa saa. Mwaka 2023 zaidi ya 180 kati yao walikwenda mahakamani, na Desemba 2024 ilijulikana kwa ripoti za kitabibu zilizopelekwa mahakamani ya kuwa zaidi ya 140 walikutwa na maradhi makubwa ya roho yatokanayo na yale waliyoyaona. Huyu ndiye muhtasibu wa soko la leo: kijana asiyejulikana na wenye soko, akilipwa ujira wa kibarua, akihukumu kwa sheria asiyoitunga, na akirudi kwake usiku hawezi kulala. Waislamu waitumiao mitandao ile bure wafahamu ya kuwa si bure. Usafi wa vioo vyao uliosalia umelipwa kwa akili za watoto wa watu.

Na pamoja na mateso hayo hisba haikutimia. Novemba 2021, wakati wa vita vya Ethiopia, mwalimu wa Kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, mtu wa kabila la Watigray, aliuawa baada ya kuandikwa katika Facebook maneno ya kumzulia, pamoja na jina lake na picha yake na mahali anapokaa. Mwanawe amedai ya kuwa alipeleka malalamiko ili maandiko yale yaondolewe, wala hayakuondolewa kwa wakati. Desemba 2022 aliishitaki Meta, kampuni yenye Facebook, katika Mahakama Kuu ya Kenya, na Aprili 2025 mahakama ile iliamua ya kuwa ina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Hukumu ya mwisho ni ya mahakama. Lakini kwa upande wa fiqhi jambo lenyewe ni lile lile alilolitoa Al-Mawardi katika katazo: habari imekuja ya mtu anayepelekwa kuuawa, na muda wa kungoja haupo. Muhtasibu asiyeijua lugha ya soko hajui ni neno gani lililo mzaha na ni lipi lililo panga. Hata Kiswahili cha pwani kina mafumbo ambayo msomi wa Nairobi huenda asiyatambue, sembuse mashine iliyofunzwa mbali.

Ama Serikali, haki yake ya kuchunga amani haikanushwi. Aya ya 83 ya Suratun Nisaa yawalaumu wanaotangaza habari ya amani au ya hofu pindi iwafikiapo, na yaelekeza habari kama hiyo irudishwe kwa wenye mamlaka wenye kuweza kuichambua ikajulikana hakika yake. Aya hii husomwa sana na wapendao raia wanyamaze. Lakini na isomwe hadi mwisho wake: habari hurudishwa kwa wenye mamlaka ili ichambuliwe, si ili izikwe. Imewekwa juu ya raia amana ya kungoja, na juu ya mwenye amri amana ya kubainisha, na amana moja haisimami bila ya mwenziwe. Mwenye amri akinyamaza, au akasema lisilo kweli, amewaachia watu kiza, na katika kiza kila kivuli huitwa mumiani, kama walivyokuwa wakisema wazee wa pwani hii zama za Mwingereza.

Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na kifungu chake cha 16 kikaweka adhabu kwa mwenye kutangaza habari ya uwongo: faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka 3, au yote mawili. Kuadhibu uwongo wa makusudi si kinyume cha dini. Mwaka 2018 zikafuata Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizomtaka mwenye kuandika mtandaoni achukue leseni, na gharama zake kwa mwaka wa kwanza zilipindukia shilingi 2,000,000. JamiiForums, baraza la watu lililoanzishwa mwaka 2006, lilifunga mlango kwa muda mwezi wa Juni mwaka ule. Hapa pana neno. Mtu hulipishwa leseni ya kuuza dawa kwa sababu dawa yaweza kuua, na leseni ile huulizia ilimu. Leseni hii haikuulizia ukweli wala ilimu, iliulizia fedha. Na mlango unaofunguka kwa fedha humpitisha mwongo tajiri na kumzuia msema kweli maskini.

Mei 2025 mtandao wa X, uliokuwa ukiitwa Twitter, ulizuiwa nchini. Sababu iliyotolewa na Waziri ilikuwa kwamba mtandao ule waruhusu picha za uchi, na ni kweli ya kuwa mwaka 2024 wenyewe waliziruhusu kwa kanuni yao. Hapana Mwislamu atakayeutetea uchafu huo. Lakini mtandao ulikatika siku ile ile, tarehe 20 Mei, ambayo ukurasa wa Jeshi la Polisi ulivamiwa na wezi wa mtandao wakaandika humo uchafu na uzushi, na picha chafu zilikuwamo katika mtandao ule tangu zamani bila ya kukatwa. Mwenye kutazama tarehe hana budi kuuliza. Maziwa ya mtu mmoja yakitiwa maji, muhtasibu huyamwaga maziwa yale. Hafungi soko zima na wauza samaki na wauza nazi wakalala na njaa. Septemba mwaka huo huo Mamlaka ya Mawasiliano iliisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90.

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na intaneti ikazimwa nchi nzima, hata ilipofika tarehe 3 Novemba ndipo ilipoanza kurudi. Siku zile kulikuwa na machafuko na amri ya kutotembea usiku katika Dar es Salaam, na roho za watu zikapotea. Mama wa Bunju hakuweza kujua kama mwanawe aliyekwenda mjini yu hai. Aliyepaswa kutangaziwa msiba hakutangaziwa. Ikiwa lengo lilikuwa kuzuia uzushi, basi katika siku zile hapakuwa na kitu chochote ila uzushi, kwani kila aliyetaka kujua aliuliza dirishani akajibiwa na aliyesikia kwa mwingine.

Iliporudi intaneti, picha za maiti zikaanza kupita katika simu, na Polisi wakapeleka ujumbe wa kuwaonya watu wasisambaze picha zitiazo hofu au zidhalilishazo utu. Hapa ndipo suala lilipo zito kweli, wala lisichukuliwe kwa pupa. Maiti ana hurma. Kuvunja mfupa wake kumefananishwa katika Hadithi na kuuvunja akiwa hai, na kuonyesha uso wake umepasuka kwa maelfu ya watu wasiomjua, wengine wakila chakula, ni kumvunja. Katika hili onyo lile lilikuwa na haki ndani yake. Lakini picha ile ile ni ushahidi, na aya ya 283 ya Suratul Baqara yaeleza ya kuwa mwenye kuficha ushahidi moyo wake umeingia dhambini. Novemba hiyo hiyo Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Na tume huchunguza nini ikiwa kila mwenye kushuhudia amefuta kwa hofu?

Lililo sawa, na Mwenyiezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, ni kupambanua kati ya kuhifadhi na kutembeza. Mwenye picha aihifadhi kama amana, aandike siku na mahali, ampe mwenye maiti na mwenye kuchunguza, wala asiitie katika makundi kwa kutaka kupongezwa ya kuwa yeye ndiye wa kwanza. Na mwenye mamlaka akimtisha mtu huyu hata akaifuta amana ile, hakuihifadhi hurma ya maiti. Amemwua mara ya pili.

Amebaki muhtasibu wa tatu, naye ndiye aliye karibu: mwenye kundi la WhatsApp, la madrasa, la mtaa, la wavuvi, la arusi. Huyu awajua watu wake kwa nyuso, ajua lugha yao na mafumbo yao, na neno likifika mikononi mwake laweza kufutwa kabla halijawafikia wengi. Sharti zote za Al-Mawardi zimekamilika kwake, na hapana azitumiaye. Hukaa kimya mwezi mzima, kisha siku moja humtoa mtu kwa kuwa wamegombana juu ya michango. Na aanze pale alipoanza Ghazali: amjulishe aliyeleta habari ya kuwa haijathibiti, amwombe aseme ameipata wapi, na akishindwa ndipo aifute. Itakapokuwa habari ya kumwita mtu mwizi au mchawi pamoja na picha yake, asingoje hata dakika, kwa kuwa watu wameuawa mitaani kwa chini ya hapo. Wala asifute malalamiko ya mnyonge kwa kumwonea haya mkubwa aliyemo kundini. WhatsApp wenyewe, mwezi wa Aprili 2020, waliweka mpaka ya kuwa ujumbe uliokwisha pelekwa mara nyingi usipelekwe ila kwa mlango mmoja kwa mara moja, na huo ni uzito mdogo kama ule wa kunakili barua ya Makka kwa mkono; mtu alipochoka mkono alipata nafasi ya kufikiri.

Limebaki suala moja ambalo huulizwa mara nyingi na hujibiwa kwa wepesi. Mtu amepeleka neno la kumzulia mwenziwe, kisha akajuta na kulifuta kwa wote. Je, amekwisha tubu? Imam Shafi alisema juu ya mwenye kumsingizia mtu zina ya kuwa toba yake ni kujikadhibisha nafsi yake, yaani aseme kwa ulimi ule ule ya kuwa alilolisema si kweli. Kufuta si kujikadhibisha. Mwenye kufuta ameondoa andiko, na uzushi umebaki katika vifua vya waliousoma. Ampasa arudi katika kundi lile lile, aandike kwa jina lake ya kuwa alizua, na awafuate mmoja mmoja wale waliokwisha lipeleka kwingine, na waliotoka kundini, na waliobadili namba. Atakaowakosa, na amwombe radhi mwenye haki angali hai wote wawili.